Nyanya Moja Nyekundu Kabla ya Krismasi

Jumatatu, 1 Septemba

Machipuko yameanza rasmi leo. Mlimani bado kuna theluji, lakini kalenda ni kalenda. Nilikuwa mkaguzi wa maegesho ya magari hapa Hobart, huku kusini kabisa mwa dunia, miaka thelathini na mmoja mpaka nikastaafu. Tarehe naziheshimu.

Nafungua shajara hii kwa ajili ya ushahidi. Mwaka huu nitakula nyanya nyekundu ya bustanini kwangu kabla ya Krismasi, na kila hatua itaandikwa, maana watu wa mtaa huu wana midomo.

Mke wangu Glenys katoa sharti wakati wa chai. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema amevumilia miaka kumi na mmoja. Kila mwaka miche yangu inakufa, na kila mwaka kosa ni la mtu mwingine. Sasa basi. Nyanya moja tu, nyekundu, iliyoota kwenye uwanja wetu wenyewe, iwe mezani siku ya chakula cha Krismasi. Ikikosekana, kile kitalu changu cha nyuma ya nyumba kinakuwa cha kuku wake. Anao watatu, Beryl, Thelma na Noreen, na wote wananitazama kwa dharau.

Nikamwambia kama ana uhakika sana aandike, nitie sahihi. Kaandika! Karatasi iko kwenye mlango wa friji, imeshikwa na sumaku yenye umbo la kambakoche.

Kitalu changu! Mita nne kwa tatu, udongo niliouchekecha kwa mikono yangu miwili! Wapewe kuku!

Jumatano, 3 Septemba

Mpango uko tayari. Ni mwepesi mpaka unanishangaza.

Hapa Moonah, kama Hobart nzima, hakuna anayepanda nyanya nje kabla ya Siku ya Maonyesho. Hiyo ni ile Alhamisi ya mwishoni mwa Oktoba, maduka yanapofungwa na watu wakaenda kuangalia ng'ombe, keki na wanaume wanaoshindana kukata magogo. Wasiokwenda huko wanapanda nyanya. Ukiwauliza kwa nini siku hiyo, wanakwambia ndivyo ilivyo. Kondoo watupu!

Kiongozi wao ni jirani yangu wa upande wa kushoto, Mama Stamatia. Ana miaka themanini na moja, alikuja kutoka Ugiriki akiwa bibi harusi, na hajawahi kukosea jambo lolote, muulize mwenyewe. Kila mwaka yeye ndiye wa kwanza mtaani kula nyanya nyekundu. Anailia pale pale kwenye ua unaotutenganisha, kwa chumvi, huku ananiangalia.

Leo nilimtania, nikasema labda mwaka huu mtu atamtangulia. Akanionyesha mlima kwa kidole. Mpaka ile theluji iondoke, mwanangu, nyanya haitaki hata kukujua. Nikamjibu kwamba nyanya haina macho ya kutazama mlima. Akauliza kama ni nyanya yenyewe iliyoniambia hivyo.

Nitapanda wiki saba kabla yao. Wao wakianza, mimi nakaribia kuvuna. Hesabu ya darasa la pili.

Jumamosi, 6 Septemba

Miche ishirini na minne imeingia ardhini. Dada wa duka la miche aliniuliza kama nina kibanda cha vioo cha kukuzia miche. Nikasema ninacho, tena kikubwa. Uongo mdogo tu.

Kila mche nimeuvika chupa ya maziwa iliyokatwa kitako. Safu nne, mche mmoja mmoja, umbali sawa, kama magari yaliyoegeshwa na watu wenye akili. Nilisimama nikatazama, roho ikatulia kabisa.

Mama Stamatia alikuwa kwenye ua muda wote na kikombe chake cha kahawa. Nilipomaliza, akafanya ishara ya msalaba. Akaniuliza marehemu wote hawa ni wa ajali moja au vipi.

Jumatatu, 8 Septemba

Jalidi! Asubuhi nyasi zote nyeupe kwa barafu. Nimekwenda bustanini na viatu vya ndani, nimeinua chupa moja baada ya nyingine. Yote ishirini na minne imelala chini, myeusi kama majani ya chai yaliyochemka mara tatu.

Glenys alimbeba Noreen kwapani, akaenda naye mpaka kitaluni, wakasimama kidogo. Nilimuuliza wanafanya nini. Akasema Noreen anapima.

Hali ya hewa imenihujumu. Sijashindwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimepata! Nilikaa ndani ya gari dogo la Glenys kumsubiri atoke dukani, madirisha yamefungwa, jua linapiga. Dakika kumi nikawa natokwa jasho. Nje nyuzi kumi na mbili, ndani thelathini na moja! Kibanda cha vioo tunacho siku zote, tena kina magurudumu!

Nimenunua miche kumi na miwili mingine, nimeipanga kwenye viti. Jua likisogea, mimi nasogeza gari. Asubuhi lilikuwa mbele ya nyumba, mchana kwa muoka mikate, alasiri nje ya zahanati. Mama Stamatia alipita na kikapu chake, akachungulia dirishani. Akauliza nyanya zinaelekea wapi, na kama zimefunga mikanda.

Pale zahanati mwisho wa kuegesha ni nusu saa. Nimekuta tiketi ya faini kwenye kioo. Aliyeiandika nilimfundisha mimi mwenyewe. Kaandika vizuri, hata hati yake imenyooka.

Jumapili, 21 Septemba

Siku mbaya. Glenys alitaka gari ampeleke dada yake, Coralie, kwenye ubatizo. Akaniuliza kama nimetoa vyungu vyote. Nikasema nimetoa. Nilitoa vile vinavyoonekana. Vitano niliviacha kwenye kiti cha nyuma, nimevifunika blanketi, maana baridi ya kanisani ingeviua. Vile saba nilivyotoa niliviacha barazani, na hapo barazani possamu, wale wanyama wa usiku, wamevimaliza vyote. Hawakubakiza hata kijiti.

Coralie alivaa koti jipya rangi ya maziwa. Mapajani ana keki. Akakaa juu ya blanketi.

Kwa maelezo ya Glenys, kilio kilianza kwenye mzunguko wa barabara na hakikuisha mpaka kanisani, ambako mtoto aliyekuja kubatizwa alimtazama Coralie akaanza kulia naye. Keki imeingia udongo. Koti limeingia kila kitu.

Nimeuliza kwa upole kama kuna mche uliopona. Lo! Bora nisingeuliza! Leo nimekula mkate mkavu, nimesimama.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo saa za mji mzima zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama kila machipuko. Wenzangu wanalalamika kupoteza usingizi. Hakuna aliyeona maana yake: kuanzia leo kila siku jua linaongezeka saa nzima! Miche yangu kumi mipya itapata mwanga ambao ile ya mwezi jana haikuupata.

Nilimweleza Mama Stamatia, maana nilikuwa nimefurahi sana nikajisahau. Akasema nyanya zake hazivai saa.

Tena sikuishia hapo. Nje ya mji, wenye mashamba wanaweka mifuko ya samadi ya kondoo kando ya barabara, unachukua mwenyewe na sarafu unatumbukiza kwenye kopo. Kwenye mfuko wameandika kwamba mmoja unatosha kitalu kizima. Nimeweka tisa. Kama mmoja unafaa, tisa inafaa mara tisa. Chini ya kila mche nimefukia kichwa cha samaki kwa ajili ya nguvu.

Glenys kafunga madirisha yote ya upande wa nyuma. Anasema hatayafungua mpaka nitakapoingiwa na akili, na kwamba anajua tutakufa kwa joto.

Alhamisi, 9 Oktoba

Paka. Sikujua Moonah ina paka wengi namna hii. Wamekuja wa rangi zote, wengine wamevaa kengele, wamefukua vichwa vyote kumi vya samaki, na miche tisa pamoja navyo. Ule mmoja waliousahau umeunguzwa na samadi.

Mleta barua sasa anazirusha barua kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimfokea. Akanijibu kwamba ana watoto.

Alhamisi, 23 Oktoba

Siku ya Maonyesho. Mlima umebaki mweusi mtupu, theluji hakuna hata doa. Mtaa mzima umeinama. Kila uwanja kuna mgongo wa mtu, na wote wanachekelea kana kwamba wamegundua jambo. Mimi sina hata mche mmoja, na duka la miche limefungwa kwa sikukuu. Nimeshinda nyuma ya pazia nikiwahesabu wajinga.

Saa kumi jioni Mama Stamatia akaniita kwenye ua. Kashika mche mmoja, mfupi, mnene kama kidole gumba, tayari una maua, kaufunga kwenye gazeti la Kigiriki lililoloweshwa. Anasema mimi nina huzuni usoni na inamharibia kahawa. Niupande kwenye ukuta wa matofali nyuma ya banda la kuku, ukuta ule unatunza joto. Niumwagilie. Halafu niuache. Niuache kabisa, mwanangu, nisiuguse. Hilo la mwisho kalirudia mara mbili, ananiangalia machoni kama daktari.

Nilishukuru kwa ufupi. Mtego huo, nani asiyeuona? Bingwa gani anampa silaha mpinzani wake? Nimeuchimbia nyuma ya banda upesi upesi, ili mtu asije akaona kwamba nimepokea msaada. Kitaluni kwangu hauingii.

Ijumaa, 24 Oktoba

Duka limefunguliwa. Nimekuwa wa kwanza mlangoni. Miche kumi na minane! Dada wa duka kaniuliza kibanda changu kikubwa cha vioo kinaendeleaje. Nikasema kimejaa.

Imeingia ardhini yote kabla ya saa nne. Ushindani wa kweli umeanza leo. Yale mengine yalikuwa majaribio.

Jumamosi, 22 Novemba

Miche imekua, kusema kweli. Ina maua, ina vinyanya vya ukubwa wa gololi. Lakini vya kijani! Mwezi mmoja umebaki. Lazima niongeze jua.

Kwenye lile duka la dampo, wanapouza vitu vilivyotupwa, nimepata vioo vinne: vitatu vya kabati na kimoja cha kunyolea, kile cha mviringo kinachokukuzia uso. Nimevizungusha kitaluni, vyote vimeelekea kwenye miche. Saa sita mchana kitalu kiliwaka kama uwanja wa mpira! Nilipiga makofi peke yangu.

Saa saba majani ya miche tisa yalikuwa yameshaiva, tena yameiva vizuri, yananukia supu.

Saa saba na robo Mama Stamatia akaja na shuka lililokuwa limeanikwa upande wake. Kile kioo cha kunyolea kilikuwa kimejigeuza, kikalichoma. Alipitisha kidole kwenye tundu, akakichezesha, akanipungia nacho. Akarudi kwake.

Glenys kampelekea shuka jipya. Aliporudi alipitia karatasi ya friji, akaisoma tena kwa sauti, polepole, hasa pale penye sahihi yangu.

Jumapili, 30 Novemba

Machipuko yanaisha leo. Waliopona: miche tisa. Nimeondoa vioo.

Jambo la kuandika: Glenys siku hizi anakaa sana nyuma ya banda la kuku na ndoo ya kumwagilia. Nikimuuliza, anasema anaosha vyombo vya maji vya kuku. Kila jioni? Nani kasafisha kuku hivyo? Anapanga wapi ataongeza viota, namjua. Ananizunguka mke wangu mwenyewe.

Nilikwenda kitaluni nikakaa kwenye ndoo. Nimekipenda kile kipande cha ardhi. Nilipostaafu hakuna mtu aliyenipigia simu, watu wa mji mzima walifurahi. Pale kitaluni nilikuwa na kitu cha kuamkia. Sijawahi kumwambia Glenys hivyo na sitamwambia.

Jumapili, 21 Desemba

Mama Stamatia kaila yake leo. Saa tano asubuhi, kwenye ua, kwa chumvi. Juisi ikamchuruzika mpaka kidevuni. Kaniuliza na mimi naendeleaje, mwanangu.

Ninazo nyanya hamsini na tatu. Nimezihesabu mara mbili. Zote za kijani kama chura. Nimeziwekea maganda ya ndizi. Nimeziwekea chupa za maji ya moto. Nimezisemesha, kwanza kwa upole, baadaye kwa ile sauti yangu ya kazini. Wapi!

Wakati wa kuosha vyombo Glenys kauliza kama nimekagua bustani yote. Nikasema nakijua kitalu changu kama kiganja changu. Akasema si kitalu, bustani yote, hata upande wa kuku. Nikamwambia siwezi kwenda kuzurura kambi ya adui siku nne kabla ya vita. Akaanza kuosha sufuria kwa fujo, sijui nimemkosea nini.

Jumatano, 24 Desemba

Hatua ya mwisho. Sijivunii, lakini kitalu ni changu na sikitoi.

Nimekwenda mjini, nimenunua nyanya moja nyekundu, kubwa, inang'aa. Uzi wa kijani nimeuchukua kwenye kikapu cha kushonea cha Glenys. Glenys kaenda kumchukua Coralie. Nafasi ndiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa kuku. Walijipanga kwenye wavu wao wote watatu, Beryl kakazia macho ule uzi kabisa. Mtu hawezi kufanya kazi nyeti namna ile akitazamwa. Nikafungua lango lao, nikawaswaga waende nyuma ya banda. Wakaenda! Haraka, kimya kimya, bila ubishi hata kidogo. Mara ya kwanza katika maisha yao kunitii. Walikaa huko nusu saa nzima, sikusikia hata kuku mmoja akilia.

Nimefunga nyanya kwenye mche wa katikati. Inapendeza! Ukiwa mbali hatua mbili huwezi kujua. Kuku wamerudi ndani wenyewe, wameshiba sijui nini. Nimefunga lango. Leo nitalala kama mtoto.

Alhamisi, 25 Desemba, Krismasi

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni.

Mama Stamatia alikuja na vile vibiskuti vyake vya sukari, kama kila mwaka. Coralie alivaa koti jingine. Nikawachukua wote mpaka kitaluni. Nilitoa maneno machache kuhusu uvumilivu. Nikaichuma nyanya mbele yao, nikaficha uzi mfukoni, nikaiweka kwenye sahani nyeupe katikati ya meza. Glenys alikuwa kaziba mdomo kwa mkono. Nikadhani ni furaha.

Mama Stamatia akavaa miwani. Akaigeuza nyanya. Akabandua kitu chini yake kwa ukucha. Kikaratasi kidogo cha duara, cha kunata, kile cha dukani. Akakisoma kwa sauti: Queensland. Akasema maskini, imetoka kaskazini mbali kote huko, mpeni kiti apumzike.

Coralie alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Aibu! Nilitamani niingie chini ya meza.

Glenys hakucheka. Aliinuka, akasema twende. Tukamfuata wote mpaka nyuma ya banda la kuku. Ule mche wa Siku ya Maonyesho, nilikuwa nimeusahau kabisa! Umenifika kifuani, umeegemea ukuta wa matofali, mnene, hauna jani hata moja lenye doa. Na una vikonyo vitatu vitupu. Chini kuna vipande vya maganda mekundu. Upande wa pili wa wavu Noreen kasimama, mbegu ya nyanya imemganda mdomoni.

Glenys akasema zilikuwa tatu. Nyekundu siku tano sasa. Yeye ndiye amekuwa akiumwagilia mche huo kila jioni, miezi miwili, na aliniuliza Jumapili, aliniuliza mara mbili. Machozi yalimlengalenga. Akasema, "Nilitaka ushinde, mjinga wewe." Kisha akauliza nani kafungua lango.

Nikasema upepo.

Mama Stamatia akatikisa kichwa. Akamwambia Glenys asinigombeze sana. Alikuwa ameniambia niuache mche bila kuugusa, na hilo moja, kwa miezi miwili, nililiweza.

Ijumaa, 26 Desemba

Kuku wamehamia saa mbili asubuhi. Nimewafungulia mwenyewe, sahihi ni sahihi. Walikwenda moja kwa moja kwenye nyanya zangu hamsini na tatu. Beryl kachagua mahali pangu, pale ninapoweka ndoo ya kukalia.

Glenys kaniletea chai nje. Kakaa karibu nami, tumewaangalia kuku. Halafu akasema ule ukuta wa matofali bado hauna mwenyewe, una nafasi ya mche mmoja au miwili, na Mama Stamatia hachoki kugawa. Nisubiri tu Siku ya Maonyesho, nipande kama watu, niuache. Nikamshika mkono. Nikamwahidi kwamba nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Nimeshinda na kalamu na karatasi mchana kutwa. Mche uliopandwa Oktoba umeiva Desemba. Kwa hiyo wa Julai utaiva Septemba, wakati Mama Stamatia bado anatazama theluji! Kosa langu lote mwaka huu lilikuwa moja tu, nilichelewa kuanza.

Ile nyanya ya Queensland hakuna aliyeila. Nimeitoa mbegu, nimezianika kwenye kile kikaratasi cha sharti, maana hakina kazi tena. Ndiyo nyanya pekee iliyofika mezani kwangu nyekundu siku ya Krismasi, hilo hakuna awezaye kulikanusha.

Na Julai gari la Glenys, likiegeshwa pale zahanati, linapata jua mpaka saa tisa.